Mtoto kaandika "bibi aliteka", na kalamu nyekundu iko mkononi mwangu

Wiki ya pili tangu nirudi kwetu Amu (Lamu) kufundisha, nikawapa Gredi ya 5 insha, kichwa "Siku ambayo sitaisahau", madaftari 41 nikayabeba mpaka nyumbani mtaa wa Langoni nikayatandaza kwenye mkeka baada ya isha, na kwenye la kumi au la kumi na moja hivi nikakutana na sentensi ya mtoto mmoja wa kiume, nainakili kama alivyoiandika mwenyewe: "Bibi aliteka hata matozi yakamtoka akaniambia ndoo."

Nilielewa hapo hapo, sikuhitaji hata kufikiri, ni Kiamu, Kiswahili chetu cha nyumbani. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia njoo. Nikamuona kabisa huyo bibi, amekaa dakani pale mlangoni na ukili wake mapajani, anajipangusa macho kwa pembe ya leso huku mkono mwengine anamuita mjukuu. Sentensi moja tu na mtu mzima mzima ametokea mbele yako, na kuna watu wazima wanaandika kurasa tatu na hawawezi hilo.

Kesho yake stafu rumu nikamuonesha mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri sana, ametoka bara na Kiswahili chake amekisomea kwa bidii kuliko wengi wetu hapa. Akasoma, akasoma tena. Akaniuliza, "Kwani bibi alienda kuteka maji akaomba aletewe ndoo? Na matozi ni nini?" Hakuwa anacheka wala kudharau, alikuwa anataka kuelewa kweli. Na ukiangalia kwa macho yake yuko sawa kabisa, kuteka ni kuteka maji, ndoo ni ya kubebea maji, kila kitu kinaenda pamoja, isipokuwa mtoto hakusema hivyo hata kidogo.

Mimi nilisoma shule hii hii. Niliingia darasa la kwanza mwaka 2000 na nikafanya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, hapa 2007. Nilikuwa la nne ile Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, na nakumbuka asubuhi tulivyoingia darasani tukakuta watoto wamejaa mpaka madirishani, wengine wakubwa kutushinda, dawati la watatu tukakaa watano, na mwarobaini ule wa uwanjani ukawa nao ni darasa. Mwarobaini upo bado. Na chuma kinachogongwa badala ya kengele nacho kipo, kile kile, kimeliwa na kutu upande mmoja lakini mlio wake haujabadilika, siku ya kwanza kilipogongwa nilisimama bila kujua nimesimama.

Siku hiyo ya kwanza sitaieleza sana. Nitasema tu kwamba stafu rumu nilikuwa sijawahi kuingia zaidi ya mlangoni, miaka minane yote ile tulikuwa tunasimama kizingitini na madaftari tunasubiri kuitwa, na nilipoambiwa "karibu madamu, kaa popote" nilishindwa kukaa kwenye kiti cha pale dirishani manake najua kilikuwa cha nani. Mwenyewe amestaafu zamani. Mpaka leo sijakikalia.

Kuna kitu kilinipata darasa la sita nataka kukiandika manake ndicho kilichonirudia usiku ule nilipolishika daftari la yule mtoto.

Babangu alikuwa mvuvi. Mwaka huo, kusi imechachamaa, mashua yao ilichelewa, wakategemewa alasiri wakaja kuingia usiku wa manane, na sisi na mamangu tulikuwa tumesimama pwani toka magharibi na watu wengine wa mtaa. Juma lile lile tukapewa insha na mimi nikaiandika hiyo. Niliandika kwa moyo wangu wote. Niliandika mai yalikuwa makuu, niliandika tulisimama pwani hata yua likatwa, yani maji yalikuwa makubwa na tulisimama mpaka jua likachwa, likazama. Mwalimu wetu wa wakati huo, simtaji na wala hakuwa mtu mbaya, akaisoma mbele ya darasa akafika hapo akauliza, "Jua likakatwa? Likakatwa na nini, panga?" Darasa zima likaangua kicheko. Na walioangua kicheko ni watoto ambao nyumbani kwao mama zao wanasema yua limetwa kila jioni ya Mungu, na mimi nilijua wanasema hivyo manake tulikuwa tunaingia majumbani mwao. Nikapata 11 kwa 40.

Tangu siku hiyo sikuandika tena habari ya nyumbani. Nilijifunza zile insha za kukariri, si unazijua, majogoo yanawika alfajiri, nikafurahi ghaya ya kufurahi, nikatoka guu mosi guu pili, hamadi! Nikawa hodari sana. Niliandika insha ya ajali ya matatu nikapata 34, basi limepinduka, dereva alikuwa anaendesha kwa kasi ya umeme, mimi mtoto wa mji ambao vichochoro vyake punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, na gari la kupanda mpaka uvuke maji uende Mokowe. Ajali ya matatu sikuwahi kuiona. Babangu kuchelewa baharini niliona kwa macho yangu na 11 ndiyo niliyopata.

Nikamaliza, nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, na kazi yangu ya kudumu ya kwanza nikaipatia Kitui, nikakaa miaka sita. Watu wa kule walinipokea vizuri sana, na ilikuwa kila ninapofungua mdomo naambiwa "wewe wa pwani, Kiswahili chako kitamu, kisafi". Na mimi nilikuwa najua kile ninachowasemesha sicho ninachosema na mamangu kwenye simu jioni. Kule nilijifunza jambo lengine pia. Mtoto akikosea Kiswahili kwa sababu ya Kikamba, walimu wanasema lugha ya mama imemuathiri, ndio anajifunza, mpe muda. Yani inakubaliwa kwamba ana lugha yake aliyotoka nayo nyumbani na hii nyengine anaongezewa. Hata mtaala wa sasa, madarasa ya chini mpaka Gredi ya 3, unasema mtoto afundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale alipo.

Sasa njoo Amu. Hapa lugha ya pale alipo mtoto inasemwa ni Kiswahili, na Kiswahili si ndilo somo lenyewe, basi imekwisha hiyo, hakuna cha kuongeza. Mtoto wa Kiamu anahesabiwa kwamba ameingia shule tayari anajua, halafu anapoandika mato badala ya macho, ndia badala ya njia, mui badala ya mji, anaonekana hajui lugha yake mwenyewe. Mtoto mwengine anajifunza, huyu wetu amekosea. Hilo limeniuma kuliko yote tangu nirudi na sijawahi kumsikia mtu akilisema, labda kwa sababu kila mtu anadhani Kiamu ni Kiswahili kilichovunjika, wakati ni kinyume, ni lahaja iliyokuwepo na watu wake na washairi wake kabla haijakaliwa kamati yoyote. Ule mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shuleni, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia kote Afrika Mashariki. Sisemi walikosea, lugha moja ya kuandikia vitabu ilihitajika na mimi mkate wangu naula kwa hiyo hiyo Sanifu. Lakini Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, miaka sabini kamili kabla ya mkutano huo, kwa lahaja za visiwa vyetu hivi, na wanafunzi wa vyuo vikuu wanausoma mpaka leo na maelezo pembeni ya kuwafafanulia maneno. Maneno hayo mengine mtoto wangu wa Gredi ya 5 hahitaji maelezo. Ameyasikia jikoni asubuhi.

Mji wetu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nilikuwa darasa la pili, nakumbuka watu wazima wakilizungumza barazani. Ukitaka kubomoa ukuta wa nyumba ya mawe ya zamani Mkomani lazima upitie kwa wahusika uombe ruhusa, na ni sawa, mimi naunga mkono. Neno la mtoto wa nyumba hiyo hiyo likifutwa kwa kalamu nyekundu hakuna anayeombwa ruhusa.

Basi usiku ule sikuikata ile sentensi. Nikachukua penseli nikapiga mstari mwembamba chini ya aliteka, na matozi, na ndoo, pembeni nikaandika alicheka, machozi, njoo. Halafu chini kabisa nikamuandikia, "Nimemuona bibi yako. Niambie zaidi, alicheka nini?" Asubuhi nilipowarudishia, akasoma, akaniangalia, akasoma tena, akalifunga daftari akalikalia. Sikujua amefurahi au vipi. Jumatatu akaniletea kurasa mbili na nusu, hazikuwa kazi ya shule wala hakuna aliyemtuma. Bibi alicheka kwa sababu punda wa jirani aliingia mpaka ndani akala chapati za futari.

Nikaona hapana, hili jambo lifanywe na darasa zima. Nikabandika karatasi kubwa ya manila ukutani nikachora mstari katikati, upande mmoja "Ya nyumbani" na mwengine "Ya mtihani", nikawaambia kila mmoja kesho aje na maneno matatu ya nyumbani. Walikuja na maneno! Kitwa na kichwa. Mtele na mchele. Mtanga na mchanga. Iwe na jiwe, ino na jino, ito na jicho, yana na jana. Ndaa na njaa. Nti na nchi. Tini na chini. Karatasi ikajaa nikaongeza nyengine.

Siku ya tatu msichana mmoja wa nyuma, mkimya, hata jina lake nilikuwa bado nalitafuta kwenye rejista, akainua mkono akasema, "Madamu, hayakujipanga ovyo." Nikamwambia eleza. Akaja mpaka mbele akaonesha kwa kidole, hapa kwenye ch nyumbani ni t, hapa kwenye j nyumbani ni y au haipo kabisa, hapa kwenye nj ni nd. Ana miaka kumi na moja. Sikuwaambia mimi, naapa, nilikuwa nimepanga kuwaambia wiki inayofuata. Darasa likawaka moto. Kila mtu anatafuta neno ajaribu. Mmoja akapiga kelele, "Basi chai ni tai!" mwengine "Ijumaa ni Iyumaa!" wakacheka mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia, na yule mtoto wa bibi aliyeteka akasema kwa uzito kabisa, "Bibi huniambia nwa chai, hajaniambia nwa tai." Nikawauliza kwa nini sasa, mbona hapa kanuni imekataa? Wakanyamaza. Nikawaachia kimya kile kikae kidogo. Kisha nikawaambia Ijumaa tumeipata kwa Waarabu, na chai nayo imekuja na majahazi, hayo ni maneno wageni, yamefika na sauti zake na tukayaacha nazo. Yale ya kwetu ya asili ndiyo yanayofuata ile kanuni. Sijawahi kufundisha somo la sauti likaingia namna hiyo, na Kitui nililifundisha mara sita kutoka kitabuni.

Nisije nikadanganya kwamba darasa langu lote ni Waamu. Kuna Wabajuni, kuna watoto ambao wazazi wao wamekuja kutafuta kazi tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe 2021, kuna wa kutoka upande wa Mpeketoni ambao nyumbani wanasema Kikuyu. Msichana mmoja wa hao alinifuata wakati wa mapumziko akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je madamu, ya nyumbani kwetu niandike wapi?" Ilinichoma kwa sababu nilikuwa nakaribia kumfanyia yeye kile nilichofanyiwa mimi. Nikachora mstari wa tatu siku hiyo hiyo. Kaandika maitho, yani macho, akasimama kando ya mato akaangalia moja na jengine, akasema "kama yanafanana." Yanafanana kweli. Nikamwambia ni ndugu hao.

Mwenzangu wa stafu rumu ana wasiwasi wake na nauheshimu. Anasema mtihani utasahihishwa na mtu asiyemjua bibi wala daka lake, na mtoto atakayeandika ndoo atapoteza maksi, na maksi ndizo zitakazompeleka sekondari. Ni kweli. Ndiyo maana upande wa pili wa karatasi upo na nawabana kweli kweli, imla kila Alhamisi, na anayeandika ya nyumbani kwenye imla anaandika neno la mtihani mara tano. Ninachokataa ni kumwambia mtoto kwamba upande wa kwanza haupo. Na naona kitu, sijui kama ni mapema kusema, lakini tangu tuanze, makosa kwenye imla yamepungua, manake sasa mtoto anajua anavuka kutoka wapi kwenda wapi. Zamani alikuwa anapigwa tu alama ya X bila kujua amekanyaga nini.

Mamangu nilimsomea ile insha ya bibi na punda, yeye anashona kofia, sindano haikusimama. Nilipomaliza akauliza kile ambacho kila mtu wa hapa angeuliza, "Mwana wa nani huyo?" Nikamwambia. "Wa Wiyoni?" Wa Wiyoni. Akatikisa kichwa, akasema huyo bibi namjua mimi, tumesoma chuoni pamoja, chuo cha Kurani, muite aje.

Kumuita haikuwa rahisi. Nilikwenda mwenyewe alasiri, nikambusu mkono, nikakaa nikapewa kahawa tungu na kaimati, na kila nikitaja shule anasema, "Mwanangu, mimi sikusoma, nije kufanya nini kwa waliosoma?" Mara tatu. Nikamwambia bibi, wanao wanataka kukusikia tu, hakuna atakayekuuliza kusoma. Akasema Mungu akipenda, na mimi nikajua hiyo ni hapana.

Jumatano iliyopita saa nne, chuma kimeshagongwa watoto wako nje, nikamuona anaingia langoni na buibui lake, mjukuu mbele yake kambebea ukili. Akakalia kiti cha mtoto, akakataa changu. Akasuka huku anazungumza, akawaeleza punda alivyoingia, jinsi alivyotafuta fimbo akakosa akamfukuza kwa kiatu, watoto wanalia kwa kicheko, na mimi nyuma naandika maneno kwenye manila haraka haraka nisipitwe. Kisha akageuka akaona kuta. Akaziangalia zile karatasi muda mrefu.

"Kwani haya nayo mwayaandika?"

Nikamwambia ndiyo bibi. Akataka aoneshwe mato yako wapi. Nikamuonesha. Akalitazama neno lile akasema hizi herufi zenu mimi sizioni chochote. Na hapo yule mjukuu wake, sijamwambia kitu, akaenda ubaoni akachukua chaki akaandika neno lile lile kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kama anavyoandika madrasa kila alasiri.

Bibi akainuka. Akausogelea ubao mpaka pua inakaribia kugusa, midomo inacheza, akapitisha kidole juu ya herufi bila kuzigusa. "Ma," akasema. Akasimama hapo. Kisha akamgeukia mjukuu akanyoosha mkono, akachukua chaki, akaongeza alama ndogo ya irabu juu ya herufi ya pili.

"Dhumma umeisahau, babangu," akamwambia. "Bila dhumma hayatakuwa mato."